Shule Zilizowachanganya Watanzania

Mwishoni mwa miaka ya 1920 ofisa elimu mmoja wa Kiingereza, W. B. Mumford, aliendesha jaribio la aina yake katika shule ya Malangali, kwenye nyanda za juu za Iringa. Alitaka vijana wa Kihehe, Kibena na Kisangu waliosoma pale wamalize masomo wakiwa bado Wahehe, Wabena na Wasangu halisi. Wazee wa kabila waliitwa shuleni kufundisha mila. Ngoma za kwao na kurusha mikuki vikaingia kwenye ratiba pamoja na kusoma na hesabu. Mumford aliandika habari za shule yake katika jarida la Africa mwaka 1930, na wazo lake lilikwenda sambamba na siasa za wakati ule. Gavana Donald Cameron, aliyeitawala Tanganyika tangu 1925 hadi 1931, alikuwa amechagua kutawala kupitia machifu. Tume ya Phelps-Stokes iliyozunguka Afrika Mashariki mwaka 1924 nayo ilikuwa imependekeza elimu ya Mwafrika ishikamane na mazingira yake. Kijana asome, ila asitoke nje ya kabila lake.

Mumford alipoondoka, jaribio lilififia. Miaka 40 baadaye Malangali ileile ilikuwa sekondari ya serikali inayopokea vijana kutoka pande zote za nchi, Mhaya kalala kitanda cha juu na Mmakonde cha chini, na hakuna aliyewaita wazee kuja kuwakumbusha ukabila wao. Kati ya Malangali hizo mbili imepita historia ambayo Watanzania wengi wameiishi kuliko walivyoisoma: jinsi shule zilivyowafunza vijana kuishi na kuelewana na watu wasiofanana nao. Inafaa kusimuliwa sasa, maana mfumo uliofanya kazi hiyo umebaki nusu, na nusu hiyo nayo inapungua.

Kuishi na mtu wa kabila jingine hakukuanzia shuleni. Katika karne ya 19 Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo, wakipita katika nchi za Wagogo, Wasagara na Wazaramo. Mpagazi akiugua njiani, nani amuuguze? Akifa ugenini, nani amzike? Jibu lilikuwa utani. Mnyamwezi na Mzaramo wakawa watani, na utani ukaja na haki na wajibu wake. Mtani anaweza kukutukana mbele za watu usikasirike, anaweza kuchukua kuku wako, anaweza kuja msibani akafanya vituko hadi wafiwa wacheke. Lakini huyohuyo ndiye anayechimba kaburi, na ndiye anayempokea msafiri asiye na ndugu mjini. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika miaka ya 1870 na 1880, kisha wakaishia kuwa watani. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alivutiwa na jambo hili kiasi cha kuliandikia makala mwaka 1941. Alikuta mtandao wa utani uliounganisha makabila mengi ya Tanganyika, nao haukuwa umeamriwa na serikali yoyote.

Basi vijana walioingia mabwenini baadaye hawakuingia mikono mitupu. Walikuwa na chombo cha mababu zao cha kugeuza tofauti kuwa kicheko.

Serikali ya Mwingereza yenyewe ilianza kuwachanganya vijana bila kukusudia. Shule ya Tabora, iliyoanzishwa katika miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, ililenga kuandaa watawala wadogo watakaorudi kila mmoja kwao. Ndivyo ilivyopangwa. Kumbe kuwaweka watoto wa machifu wa kila upande chini ya paa moja, kwa miaka, ni kuwafahamisha wao kwa wao. Julius Nyerere, mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki, alianza shule ya Mwisenge mjini Musoma mwaka 1934 akiwa mzungumzaji wa Kizanaki, na mwaka 1937 akaingia Tabora. Abdallah Fundikira wa Unyanyembe alipita Tabora. Rashidi Kawawa na Oscar Kambona, wote wa kusini ya mbali, walipita Tabora pia. Serikali ya kwanza ya nchi huru ikaja kuwa na watu hawa wanne ndani yake, na kabla hawajafahamiana kwenye siasa walikuwa wameshakula chakula cha shule moja, hata kama si wote kwa miaka ileile.

Wamisionari nao walifanya hivyohivyo. Kila dhehebu lilikuwa na eneo lake, lakini ngazi ya juu ya masomo shule zilikuwa chache mno, hivyo Pugu ya Wakatoliki na Minaki ya Waanglikana zikakusanya vijana wa mbali. Pugu ndiko Nyerere alikofundisha baada ya kurudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, hadi alipoacha ualimu mwaka 1955 ili ashughulikie chama cha TANU.

Hapa ndipo penye siri ya habari yote hii. Kilichowachanganya vijana wa Tanganyika kwanza kabisa kilikuwa uhaba. Mwaka wa uhuru, 1961, wanafunzi wa sekondari nchi nzima hawakufika 12,000. Mikoa mizima ilikuwa na sekondari moja au mbili tu. Kijana aliyefaulu ilibidi aende iliko nafasi, na nafasi mara nyingi ilikuwa mbali na kwao. Viongozi wapya walichofanya ni kuuchukua uhaba huo na kuufanya sera.

Walianza na rangi. Mkoloni aliacha mifumo mitatu ya shule: ya Wazungu, ya Wahindi na ya Waafrika, kila mmoja na bajeti yake na viwango vyake. Sheria mpya ya elimu iliyoanza kutumika mwaka 1962 iliunganisha yote mitatu. Shule ya St Michael and St George ya Iringa ilikuwa imejengwa kwa fahari katika miaka ya mwisho ya ukoloni kwa ajili ya watoto wa Kizungu. Nayo ikaja kubeba jina la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepambana na Wajerumani hadi kifo chake mwaka 1898, na leo majengo yake ni chuo kikuu kishiriki cha elimu. Sekondari ya Wahindi ya serikali mjini Dar es Salaam ikawa Azania, na ile ya Aga Khan ikawa Tambaza. Watoto wa wapishi wakakaa kwenye madawati ambayo baba zao waliyaona kwa kuchungulia dirishani.

Ada za sekondari zikafutwa katikati ya miaka ya 1960. Mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote, hivyo mtoto wa Ngara na wa Newala wakafika sekondari wakiwa na lugha moja vinywani. Halafu ikaja Sheria ya Elimu ya 1969, iliyoanza kutumika mwaka uliofuata, ikaziweka shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya serikali. Umuhimu wa sheria hii hausemwi vya kutosha. Kabla yake, mtoto wa Kiislamu katika sehemu nyingi za bara alikuwa na njia mbili: asome katika shule ya kanisa na kubeba shinikizo la kubadili dini, au asisome. Baada yake Muislamu wa Tanga na Mkatoliki wa Kibosho walikutana darasani bila mmoja wao kuwa mgeni wa dini ya mwenzake.

Kupangiwa shule ya mbali kulimaanisha safari, na safari yenyewe ilikuwa somo. Fikiria kijana wa Bukoba aliyepangiwa Songea. Alipanda meli usiku hadi Mwanza. Hapo akaingia kwenye treni iliyompitisha Shinyanga na Tabora, akashuka Dodoma au kuendelea hadi Morogoro, kisha basi la vumbi likampeleka Iringa, Njombe na hatimaye Songea. Siku kadhaa zilipita. Mkononi alikuwa na waranti ya serikali badala ya pesa ya nauli, na kando yake tranka la bati lenye jina lake limeandikwa kwa rangi ya mafuta. Kila stesheni alinunua chakula asichokijua kwa watu asiowajua. Saranda kulikuwa na kuku, Tabora kulikuwa na asali. Alipofika shuleni alikuwa ameiona nchi yake zaidi ya babu yake yeyote.

Mle bwenini ndimo kazi hasa ilimofanyika.

Mgeni wa kidato cha kwanza aliitwa njuka, na njuka hakuulizwa kabila lake kabla ya kutumwa maji. Vitanda viligawiwa kwa orodha. Wa pwani aliyezoea wali na samaki alipewa ugali wa dona na maharage, wa Bukoba aliyezoea ndizi alipewa hivyohivyo, na wote walisimama foleni moja ya bwalo wakiwa na sahani zao. Alfajiri ilikuwa mchakamchaka, na jioni jembe. Azimio la Arusha la Februari 1967 lilifuatiwa mwezi uliofuata na waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na tangu hapo kila shule ilitakiwa kuwa na shamba, mifugo au karakana. Mtu anayelima tuta moja na wewe kwa miaka minne humwiti tena kwa kabila lake, unamwita kwa jina, na unajua kama ni mvivu au mchapakazi.

Weruweru, sekondari ya wasichana karibu na Moshi, inatoa picha nzuri. Mama Maria Kamm aliiongoza kwa takriban miaka 20 kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Wasichana wa mikoa mbalimbali walikamua ng'ombe, walilima na kupika, na pia walisoma sayansi kwa bidii iliyowafanya wengi wao kuwa madaktari, wahandisi na viongozi. Ilikuwa shule yenye nidhamu kali, na waliopita pale hadi leo hutambuana kwa jina la shule kabla ya jina la mkoa.

Ngoma nazo zilifanya kazi ambayo hakuna mtaala ulioitaja. Mwaka 1962 serikali iliunda wizara ya utamaduni na vijana, na Nyerere alieleza bungeni kwamba ukoloni ulikuwa umewafanya watu waone haya ngoma zao. Shule zikaunda vikundi. Kijana wa Kichaga alijifunza kuzungusha kiuno kwa sindimba ya Wamakonde, Mzaramo akacheza bugobogobo ya Wasukuma akiwa ameshika jembe, Msambaa akacheza lizombe ya Wangoni. Siku ya mahafali wazazi wachache walioweza kufika walimwona mtoto wao akicheza ngoma ya watu wengine kama aliyezaliwa nayo. Malangali ya Mumford ilikuwa na ngoma pia. Tofauti ni kwamba pale kila mtu alicheza ya kwao.

Na utani ukafuata mabwenini. Mchaga alimsema Mpare kwa ubahili, Mpare akamjibu kwa uchu wa Mchaga wa pesa, Mhaya akasemwa kwa majivuno, Mkurya kwa ngumi zake. Maneno hayo nje ya utani yangeweza kuleta kisu. Ndani ya utani yalileta kicheko, na yalimfunza kijana mapema mpaka uko wapi: lipi linasemwa kwa nani, na wakati gani unanyamaza. Mwanafunzi akifiwa, wa kwanza kukusanya mchango na kumsindikiza stesheni mara nyingi alikuwa yuleyule aliyemchokoza jana yake.

Nje ya shule kulikuwa na Jeshi la Kujenga Taifa. JKT lilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, likiwa la vijana wa kujitolea, wengi wao wa Umoja wa Vijana wa TANU. Mwanzoni wasomi hawakuwemo, na pengo kati yao na vijana wa vijijini lilionekana wazi. Mwaka 1966 serikali ikaamua kwamba kila anayemaliza kidato cha sita, chuo au chuo kikuu atumikie miaka miwili: miezi ya kwanza kambini, na miezi 18 iliyobaki kazini huku akilipwa asilimia 40 tu ya mshahara wake. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, pamoja na wa vyuo vingine, waliandamana hadi Ikulu kupinga. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha makwao zaidi ya wanafunzi 300, na hapohapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Wengi wa wanafunzi hao walirudishwa chuoni mwaka uliofuata. Mpango ukaendelea.

Kambini kijana aliitwa kuruta, na kila mwenye cheo aliitwa afande. Ruvu, Mafinga, Oljoro, Makutupora, Bulombora: majina haya bado huamsha hadithi kwa watu wenye mvi. Mhitimu wa sheria alikimbia akiimba bega kwa bega na kijana wa darasa la saba aliyejitolea, wakafyatua tofali pamoja, wakapalilia mahindi pamoja, na aliyewapigia filimbi ya kuamka alikuwa koplo mwenye elimu ndogo kuliko wote wawili. Bweni lilimkutanisha kijana na makabila. Kambi ilimkutanisha na watu wa daraja jingine la maisha, na huenda hilo lilikuwa gumu zaidi.

Mfumo huu ulikuwa na gharama, na haki inadai zitajwe. Lugha za kwao zilipigwa marufuku shuleni, na mtoto aliyeteleza akasema kilugha alichapwa. Wajukuu wa wanafunzi wale leo wengi hawawezi kuzungumza na bibi zao kijijini. Tena mchanganyiko haukuwa wa usawa kamili. Makabila ya wakulima wa Kibantu yalikutana katikati ya njia, lakini wafugaji walitakiwa wao ndio wasogee. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache mashuka yao wavae suruali. Hiyo ilikuwa kumtaka mtu ajivue utamaduni wake ndipo apokewe, jambo ambalo ni kinyume kabisa cha kufunzwa kuishi na tofauti. Njuka wengi waliteswa na wakubwa wao usiku, na walimu walifumba macho. Zanzibar kwa sehemu kubwa haikuwemo, kwa kuwa elimu ya msingi na sekondari si jambo la Muungano, na vijana wa visiwani na wa bara hawakupata kulala bweni moja kwa wingi unaofaa. Upungufu huo unaonekana katika siasa za nchi hadi leo.

Hata hivyo matunda yalionekana, na si kwa macho ya wenyeji tu. Mwaka 2004 mchumi wa Marekani Edward Miguel alichapisha utafiti wake uliolinganisha wilaya mbili zinazofanana kijiografia: Busia ya Kenya na Meatu ya Tanzania. Busia, vijiji vyenye makabila mengi vilichangia shule zao kwa shida kuliko vyenye kabila moja. Meatu, mchanganyiko wa makabila haukupunguza michango. Miguel aliona chanzo katika sera za Tanzania za kujenga taifa. Hapo lazima kuwa mwangalifu, maana sera hizo zilikuwa nyingi: Kiswahili, kufutwa kwa uchifu mwaka 1963, vijiji vya ujamaa, sensa ambazo baada ya ile ya 1967 haziulizi kabila la mtu. Bweni lilikuwa moja kati ya hizo. Lakini ndilo lililomtia kijana mikononi mwa wengine akiwa na umri wa kubadilika.

Kenya nayo ilikuwa na shule za kitaifa tangu uhuru, zikipokea wanafunzi bora wa kila mkoa, ila zilikuwa chache. Kisha mwaka 1985, sambamba na mfumo wa elimu wa 8-4-4, ukaja utaratibu uliotaka shule za mikoa zichukue asilimia 85 ya wanafunzi kutoka palepale. Kizazi kizima kilisoma na majirani zake tu. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, Wakenya waliliona kosa hilo, na kuanzia mwaka 2011 serikali ilipandisha hadhi shule nyingi kuwa za kitaifa, kutoka 18 hadi zaidi ya 100. Nigeria ilikuwa imechukua njia kama ya JKT mapema zaidi. Mwaka 1973, miaka mitatu baada ya vita vya Biafra, ilianza kuwapeleka wahitimu wa vyuo kutumikia mwaka mmoja nje ya majimbo yao. Nchi hizi zilijifunza kwa damu kile ambacho Tanzania ilikipata kwa uhaba na uamuzi.

Ila Tanzania ikaanza kukiacha. Hali mbaya ya uchumi katika miaka ya 1980 ilibana bajeti za mabweni na waranti za safari. Shule za binafsi na za wazazi zikaongezeka hadi zikazidi za serikali kwa idadi kabla muongo haujaisha, nyingi zikiwa Kilimanjaro na mikoa mingine iliyotangulia kielimu, na zilipokea zaidi watoto wa palepale. Mwaka 1994 JKT kwa wahitimu likasimamishwa kwa kukosa fedha. Halafu, mwaka 2004, ukaanza mpango mkubwa wa maendeleo ya elimu ya sekondari uliozaa shule za kata. Sekondari zikapanda kutoka takriban 1,300 hadi zaidi ya 4,000 katika miaka mitano.

Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeomboleza shule za kata. Zimewapa nafasi mamilioni ya watoto, hasa wasichana, ambao chini ya mfumo wa zamani wangeishia darasa la saba. Lakini neema ile ilikuja na jambo ambalo halikujadiliwa kwa uzito wake. Mtoto wa leo anaanza la kwanza na kumaliza kidato cha nne akitembea kwa miguu kutoka nyumbani kwao, akicheza na watoto wa ukoo wake, akifundishwa katika jengo lililo mita chache kutoka shambani kwa mjomba. Uhaba uliowachanganya wazazi wake umeondoka, na sera ambayo ingefanya kazi yake haijaandikwa.

Kilichobaki ni vitu viwili. JKT kwa mujibu wa sheria lilirudishwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita, lakini ni kwa miezi michache badala ya miaka miwili, na kwa miaka mingi kambi hazikutosha wote. Cha pili ni kidato cha tano. Kila mwaka TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia mikoa na serikali za mitaa, hutoa orodha ya waliochaguliwa, na bado kijana wa Mtwara hujikuta kapangiwa Kagera. Fomu ya kujiunga inayomfikia haijabadilika sana: jembe, ndoo, fagio, shuka za rangi fulani, godoro la futi mbili na nusu. Wapo pia viongozi wanaotegemea mtaala mpya wenye somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Somo ni jema, lakini kuelewana na watu hakufundishwi ubaoni kwa vipindi vichache vya wiki. Anayejua hilo ni yeyote aliyewahi kugombania ndoo ya maji na mtu wa kabila asilolijua, kisha akamaliza naye miaka miwili akiwa rafiki yake wa kufa na kuzikana.

Orodha ya kidato cha tano ikitoka, huwa kuna wimbi la wazazi wanaohangaika kutafuta uhamisho ili mtoto arudi karibu. Wengine wana sababu za haki: ugonjwa, umaskini, binti anayehofiwa usalama wake safarini. Wengi sababu yao ni nauli. Kutoka Mtwara hadi Kagera ni mwendo wa siku mbili kwa basi, mzazi wa kijijini analipa mwenyewe kwenda na kurudi kila likizo, na anapoambiwa kwamba ada ya kidato cha tano na sita imefutwa tangu 2022, bado nauli inamshinda. Serikali ya miaka ya 1960 ilikuwa maskini kuliko ya leo kwa kipimo chochote, lakini ilitoa waranti, kwa sababu iliona safari ya mwanafunzi kuwa sehemu ya elimu yenyewe. Waranti hiyo irudishwe kwa kila mwanafunzi wa kidato cha tano anayepangiwa nje ya mkoa wake, na mzazi ambaye mtoto wake ana afya na usalama amwache aende.